Funda la Kwanza ni la Mwenye Kumimina

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya Diani, nilipewa kitambaa nikaambiwa nifute glasi mpaka ziwake. Nikafuta. Mkuu wa Baa, mtu wa bara mwenye sauti ya chini na macho makali, akachukua moja. Hakuitazama. Aliinusa.

"Mama Mbeyu, hii inanuka sabuni. Rudia."

Nikarudia zote. Nyinyi wajukuu wa sasa mngekwisha kupiga simu nyumbani mkilalamika. Mimi nilijifunza siku ile kuwa glasi ya kileo hukaguliwa kwa pua, maana harufu ya sabuni huua kinywaji kabla hakijafika mdomoni.

Nilikuwa nimetoka Kinango, mjane, na binti yangu Mbeyu yuko shuleni. Mimi mwenyewe nilisoma kidogo tu. Lakini mama yangu aliuza tembo la mnazi, kwa hivyo kileo hakikunitisha. Na kwetu kuna jambo lake. Anayempa mgeni kinywaji hunywa yeye funda la kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo ampe kwa mikono miwili. Maana yake, hakina sumu, na moyoni sina neno nawe. Usipoonja, kata yako ya kifuu hairudi tupu, inarudi imejaa ilivyokwenda.

Kutoka kuosha glasi nilihamishiwa mgahawani chini ya Msimamizi wa Meza, mwanamke wa Msambweni asiyecheka, aliyetufunza kubeba sinia bila kuitazama. Kisha nikarudishwa baa, safari hii kumimina. Mkuu wa Baa akanifundisha wiski ya Kimarekani iitwayo bourbon. Hupikwa kwa mahindi, tena mengi. Nilishangaa, maana kwetu mahindi hayatoshi hata ugali. Huwekwa kwenye pipa jipya la mti mgumu lililounguzwa ndani kwa moto, na humo hukaa miaka. Rangi yake na utamu wake hutoka kwenye mti ule ulioungua. Kila mwaka pipa hupungua, hewa inakunywa sehemu yake, kwa hivyo ya zamani sana ni chache. Ikitiwa chupani bila kupunguzwa kwa maji huwa kali kama kaa la moto.

"Hii haigugumiwi," alisema. "Na mfanyakazi akionja kinywaji cha mgeni, anaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Tumeelewana?"

Tulielewana. Msimu ulikuwa unaisha, na kati yetu vibarua angebakishwa mmoja. Nisingebaki mimi, Mbeyu angeacha shule mwaka wake wa mwisho.

Katika kabati la kufuli palikuwa na chupa moja ya bourbon ya namna hiyo, kuukuu, isiyopatikana tena madukani. Ilikuwa ya mzee mmoja Mmarekani aliyekuja kila mwaka na mkewe. Waliinywa kidogo kidogo, wakaiacha hapo ingoje mwaka mwingine. Mwaka huo mzee alikuja peke yake. Tukajua.

Aliketi kaunta akaiomba chupa yake. Mkuu wa Baa akaifungua, akanipa nimimine. Nikamimina. Mzee aliitazama ile glasi kama mtu aliyeletewa chakula cha matanga na hajui aanzie wapi. Kwetu mfiwa ndiye hasa wa kuonjewa. Mkono wangu haukuuliza sheria ya hoteli. Niliinua glasi yake, nikanywa funda, nikampa kwa mikono miwili.

Mkuu wa Baa hakupaza sauti.

"Mama Mbeyu. Vua aproni. Chukua vitu vyako."

Nikaanza kufungua aproni. Akilini nilimwona Mbeyu akirudi Kinango na sanduku lake.

"Ngoja," mzee akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota, lakini kilifika. "Mama, kwa nini wewe kunywa?"

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na sumu hakuna?"

"Hakuna. Moto upo."

Akacheka, mara ya kwanza tangu afike. "Moto gani?"

"Kwanza unachoma ulimi. Ukitulia, inakuja sukari iliyoungua chini ya sufuria. Kisha harufu ya mbao za dari zilizokula moshi wa jikoni. Na mwisho mahindi ya kuchoma, mbali kabisa."

Akanywa, akafumba macho.

"Tangu mke wangu kufa," akasema, "watu wanamimina, wanasimama. Hakuna mtu anakunywa na mimi. Leta glasi ya mama."

"Mzee, ni sheria ya hoteli," Mkuu wa Baa akasema.

"Chupa ya hoteli, au yangu?"

 Mkuu wa Baa alichukua glasi nyingine rafuni, akaiinua mpaka puani, akainusa, akaiweka mbele yangu. Hapo pumzi ikanishuka. Mtu yule hakuwa wa kumnusia glasi mwanamke anayemfukuza.

Mzee akanionyesha kutia tone la maji kwa kijiko. Usidhani maji yanaiharibu. Yanailegeza, moto unapisha, na utamu uliojificha unatoka. Usichomeke pua ndani ya glasi, na unaponusa acha mdomo wazi, la sivyo ukali utakuziba.

Nilibakishwa. Mbeyu akamaliza shule. Nilimimina pale mpaka nywele zikageuka, na hakuna aliyenikataza tena kuonja, mradi mgeni akubali. Wengi walikubali.

Siku yangu ya kustaafu Mkuu wa Baa, naye amekwisha kuzeeka, aliniketisha upande wa wageni. Akafungua kabati. Katika chupa ile palikuwa na kiasi cha kufunika kitako. Yule mzee Mmarekani alikuwa ameagiza nibakishiwe. Mkuu wa Baa akainusa glasi, akamimina. Kisha akanywa yeye funda la kwanza, akakohoa mpaka machozi, akanipa kwa mikono miwili.

Sasa daktari amenikataza kileo, na simlilii. Kazi ni kazi, wajukuu. Sheria zifuateni, nami nilizifuata isipokuwa ile moja. Lakini msimpe mfiwa glasi mkasimama.

"Haina sumu, Mama Mbeyu," Mkuu wa Baa aliniambia siku ile ya kustaafu.

"Najua," nikamjibu, nikanywa.