Kichwa Alichokijua Effie

Huku Ghuba ya Kettle mgeni aliyeficha uso haruhusiwi kubaki ndani ya nyumba iliyoshindwa kumtambua. Kati ya Krismasi na siku ya Mamajusi, tarehe sita Januari, watu huvaa nguo za wenzao, hufunika nyuso kwa mapazia na foronya, huongea kwa kuvuta pumzi ndani ili sauti isijulikane, kisha hubisha hodi. Mwenye nyumba hukisia. Akikutaja jina, unafunua uso na kukata keki. Akishindwa, unatoka ulivyoingia. Sijamwona mtu akiivunja kanuni hiyo kwa kusudi. Verna Tizzard aliivunja bila kuvaa pazia.

Nywele zilimtoka akiwa msichana. Kilianza kiraka kidogo nyuma ya sikio, na kabla ya mwaka kuisha zilikwisha zote: za kichwani, nyusi, kope, hata vinyweleo vya puani, ndiyo maana wakati wa baridi alitembea na leso mkononi. Madaktari wanauita ugonjwa huo alopesia. Mwili huzishambulia nywele zake wenyewe kana kwamba ni adui. Hauumi wala hauui, na wapo watu wanaosema kwamba kwa hiyo si ugonjwa. Watu hao hawajawahi kutazamwa dukani jinsi alivyotazamwa yeye.

Alifanya kazi katika kiwanda cha kaa, ambako kila mmoja hufunga kichwa kwa kofia ya wavu. Alikipenda kwa sababu hiyo. Doreen Pelley, aliyesimama naye kwenye mkanda mmoja wa kupitishia kaa, hakuchoka kumtania.

"Verna, wavu huo wa nini? Unawakinga kaa na nini?"

"Na mate yako, Doreen. Hujafunga mdomo tangu asubuhi."

Nyumbani aliishi na mama yake, Effie, ambaye ghuba nzima tunamwita Shangazi. Macho ya Shangazi Effie yalikuwa yameingia ukungu, na akili nayo ikaanza kufuata. Alisahau mume wake amekufa. Alisahau kama amekula. Lakini kila jioni, baada ya chai, Verna aliketi sakafuni mbele ya kiti chake, na bibi yule alimpaka mafuta kichwani kwa viganja vyote viwili, polepole, kutoka utosini hadi shingoni.

"Laini kama yai," alikuwa akisema. "Huyu ni wangu."

Halafu daktari mmoja wa mjini St. John's alitafuta watu wa kujaribu vidonge vipya, vya kuutuliza mwili uache kuzipiga vita nywele. Masharti yalikuwa magumu: kumeza kila siku bila kuruka, kupimwa damu mara kwa mara, na atakayeacha harudi. Verna alikubali. Sikuona kosa hapo na silioni leo. Mtu akipewa nafasi ya kurudishiwa kilicho chake, anyooshe mkono.

Majira ya kuchipua alianza kumeza. Kiangazi vikaota vimanyoya kama vya kifaranga. Majani yalipoanza kugeuka rangi alikuwa na nywele nyeusi zinazofika masikioni, na nyusi, na kope ambazo hakuacha kuzigusa kwa ncha ya kidole.

"Haya, sasa wavu una kazi!" Doreen alipiga kelele kiwandani, akamkumbatia mbele ya watu wote.

Jioni moja mikono ya mama yake ilisimama.

"Nani wewe?"

"Ni mimi, Mama. Verna."

"Verna hana nywele." Bibi alifuta viganja kwenye aproni. Kisha akatabasamu, na Verna aliniambia mimi, jirani yao, kwamba tabasamu hilo ndilo lililomtia hofu, maana lilikuwa la heshima, la kumkaribisha mgeni. "Ngoja nikisie. Wewe ni wa kina Pelley? Hapana? Mjukuu wa Leander? Vuta pumzi useme kidogo, nisikie."

"Mama, bado ni Oktoba."

"Sijakujua, bibie. Nimeshindwa. Basi nenda zako salama, na mwakani keki ipo."

Ikawa hivyo kila siku. Bibi hakugomba. Alisubiri tu, kwa adabu, mgeni asiyejulikana aondoke, na mgeni haondoki. Baada ya siku kadhaa alianza kutenga sahani ya tatu mezani. Verna alipomuuliza ni ya nani, alijibu kwa kunong'ona, "Ya binti yangu. Yuko nje. Haingii mpaka wewe utoke."

Tangu hapo alikaa dirishani. Saa kumi jioni, giza la majira ya baridi linapoingia, alikisogelea kioo na kusema na mtu aliyekuwa upande wa pili. "Una baridi, mwanangu? Vumilia. Ana tabia njema, ataondoka." Verna alisimama nyuma yake akatazama pale mama alipotazama. Aliona theluji, uzio, na taswira yao wawili kwenye kioo. Siku moja alivuta pazia na kukuta doa la ukungu kwenye kioo, la mviringo, kama la mtu aliyepumua karibu. Alilifuta kwa mkono wake. Halikutoka, kwa sababu lilikuwa upande wa nje.

Mimi siamini mizimu, na nimewakemea wengi wanaoiamini. Nilikwenda nikalitazama doa hilo. Nje theluji ilikuwa nzima chini ya dirisha, haina hata alama ya ndege. Sina maelezo, na sitayatunga.

Verna aliacha kulala vizuri. Aliniambia amekwisha kuamini, kidogo, kwamba yule aliyekuwa yeye bado anazunguka nje bila kofia.

Doreen ndiye aliyetoa ushauri. "Nyoa. Nyusi na zote. Bibi hataona tofauti, na dawa unaendelea kumeza. Mwache azeeke na raha yake."

"Huo ni uongo," nilimwambia.

"Uongo gani? Ni wembe."

"Kumdanganya mgonjwa ni kudanganya."

"Wewe ungemdanganya Petro mlangoni mbinguni, ila ungetafuta aya kwanza," Doreen alinijibu, na Verna akacheka kwa mara ya kwanza mwezi ule. Lakini alinyoa.

Jioni alikaa sakafuni. Viganja vilishuka, vikatembea utosini, vikarudi nyuma kwa kushtuka. Kichwa kilichonyolewa si kichwa kisichoota, na hakuna aliyejua hilo kuliko mikono ile.

"Hiki kina miiba," bibi alisema. Safari hii hakutabasamu. "Umemfanya nini? Umevaa kichwa cha binti yangu."

Siku ya pili ya Krismasi Verna alitoka kuchukua kuni, na aliporudi mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Nilikuwa napita. Alikuwa amesimama kizingitini na mzigo wake, analia, na baridi ilimkata pumzi hata kilio kikawa kinaingia ndani badala ya kutoka. Ilikuwa sauti ileile ya wageni wa mapazia.

"Nakusikia," bibi alisema kutoka ndani. "Nimeshakisia vya kutosha. Nyumba hii haikujui. Kanuni ni kanuni."

Niliingia kwa mlango wa nyuma nikafungua komeo. Bibi alikuwa amewasha taa zote na kutenga sahani mbili tu.

Nilimwambia Verna kwamba hakuna mwenye haki ya kumwamuru aache dawa, wala mama yake. Kaka yake Gordon alipiga simu kutoka Alberta akasema bibi apelekwe nyumba ya wazee, nywele zibaki. Doreen alilia akasema vivyo hivyo. Verna alisikiliza wote. Wiki ya Mamajusi alimpigia daktari akajitoa.

Nywele zilichukua muda kuondoka. Zilikuwa kwenye mto, kwenye bomba la bafu, kwenye wavu wa kiwandani. Kope zilikuwa za mwisho. Karibu na Pasaka kichwa kilikuwa laini tena, na jioni moja, baada ya chai, aliketi sakafuni mbele ya kiti.

Mikono ilikuja.

"Umekawia nje," mama yake alisema. "Tazama ulivyo wa baridi." Alipaka mafuta mpaka shingoni. Kisha akauliza, "Yule mwenye nywele ameenda wapi?"

"Ametoka, Mama."

"Alikuwa mpole. Sikumjua tu."

Effie Tizzard alifariki mwezi Juni. Verna aliomba kurudi kwenye majaribio, akaambiwa nafasi zimefungwa. Vidonge vingine alivyopewa baadaye havikuotesha kitu. Leo hana unywele hata mmoja mwilini, na daktari hamwahidi kwamba utaota. Alichopata ni majuma machache ya kuitwa kwa jina lake, na kwa majuma hayo alitoa nywele zote.