Vikombe Viwili vya Obwocha

Sikuwahi kufikiria kwamba mimi, mama mzima na shemasi wa kanisa, ningejibanza nyuma ya migomba kumchungulia mume wangu akinywa chai.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Miezi mitatu.

Mezani kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja chake. Cha pili cha nani?

Wacha nianze mwanzo.

Naitwa Tryphosa, fundi wa nguo hapa Nyamache. Nikiwa na miaka arobaini na moja nilitolewa kizazi na ovari zote mbili, kwa sababu ya uvimbe uliokuwa unanimaliza damu. Nikapona vizuri. Baadaye presha ikapanda, nikaenda kwa daktari Kisii mjini, mume wangu Obwocha akiwa kando yangu.

"Mama, ovari zikitolewa mapema hivi, moyo hupoteza kinga," daktari akasema. "Si lazima uugue, ila hatari ya ugonjwa wa moyo miaka ijayo ni kubwa kuliko ya wenzako. Meza dawa, punguza chumvi, na utembee kila siku."

Dawa nilimeza. Chumvi nikapunguza huku nikinung'unika. Kutembea nilikataa katakata.

"Twende wote basi," Obwocha akanibembeleza.

"Nitembee naenda wapi? Watu waseme nimerukwa na akili?" Nikarudi kwa cherehani yangu.

Wiki moja baadaye mzee akaanza visa.

Akitoka shambani saa kumi jioni anaoga, ananyoa ndevu, anajipulizia marashi. Anapita mbele yangu akipiga mluzi. "Nafika hapo juu kidogo."

Jirani yangu Gladys akaja kuninong'oneza. "Wewe, Tryphosa! Mwanaume akijua huzai tena, unafikiri atakaa?"

Siku hiyo nilishona mkono wa gauni kinyume.

Kesho yake nikamfuata. Akashuka bondeni, akavuka mto, akapanda kilima cha upande wa pili, mimi nyuma nikihema. Nilisimama mara nne. Ajabu ni kwamba hakunipotea machoni. Kila nikisimama, naye anainama kufunga kamba za viatu.

Huko juu akaingia hoteli ya Persis, mjane mwenye mwanya na kicheko cha karibu. Nikaona vikombe viwili vinawekwa mezani. Mgeni wake sikumwona. Nikajibanza nyuma ya migomba iliyokuwa mkabala na hoteli, wivu umenijaa.

Nikarudi kesho yake, na siku zilizofuata. Jumamosi, siku yetu ya Sabato, mzee hakutoka. Nikajiambia, kumbe hawara naye ni Msabato!

Mwezi wa tatu kilima nilikipanda bila kusimama hata mara moja. Wala sikugundua, nilikuwa na hasira tu. Siku hiyo nilikuwa nimeapa lazima mtu amwagiwe chai ya moto.

Nikaingia kwa kishindo. "Yuko wapi?"

Persis akaangusha kijiko. Obwocha hata hakuinuka. Akasukuma kile kikombe cha pili upande wangu.

"Kaa. Leo chako bado kina moto."

"Changu?"

"Miezi mitatu kinapoa, mama," Persis akasema. "Anaagiza viwili, halafu anakodolea macho hiyo migomba. Nilidhani mzee ameingiwa na kitu."

Obwocha akacheka. "Nilikuomba utembee kwa ajili ya moyo, ukakataa. Nikajua kwa wivu utatembea."

Nikaketi. Aibu ilinishika, machozi yakanitoka mbele za watu. "Mimi nilidhani unatafuta wa kukuzalia."

Hapo akaacha kucheka. "Wa kunizalia nilishampata, Mama Linda. Sasa nataka wa kunizika."

Nikanywa chai.

Tuliporudi kliniki, presha ilikuwa imeshuka kutoka mia moja sitini na nane hadi mia moja ishirini na nane. Daktari akauliza nimefanya nini zaidi ya dawa.

"Wivu," nikamjibu.

Dada yangu, ukitolewa kizazi, usiulize tu kidonda kitapona lini. Uliza kama ovari zimebaki, pima presha hata kama huumwi popote, na utembee. Usingoje kudanganywa kama mimi.

Siku hizi mimi na mzee tunapanda kile kilima bega kwa bega. Ila chai yake namimina mwenyewe, kwa sababu huyo Persis bado simwamini.