Niliombwa kadi ya chama ili nipewe mkono wa pole kwenye hitma ya mke wangu

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya. Leo naandika kwa sababu nikisimulia kwa mdomo watu wanadhani msiba umenivuruga akili. Sitatia chumvi. Kisa chenyewe kilikuja na chumvi yake.

Naishi Rosettenville, hapa Joburg. Kazi yangu ni security. Shule yangu ni ya msingi tu, mtanivumilia.

Mke wangu, Zuhura, alikuwa mjumbe wa chama kimoja cha nyumbani, tawi la sisi tunaoishi huku. Chama sitakitaja. Alikipenda sana. Mimi sina chama. Nikiwa nyumbani nikapiga kura, naangalia mtu.

Alikuwa akinitania, "Mume wangu, wewe ni maji ya vuguvugu."

Namjibu, "Vuguvugu ndiyo ya kuogea, mama. Hasa kwa baridi ya huku."

Anacheka, kisha anaenda kunibandikia maji.

Mungu akamchukua. Tukamzika huku huku.

Siku ya hitma nikafunga turubai uani, nikatandika mikeka. Nilitaka kitu kimoja tu: Zuhura asomewe dua, watu wanipe mkono, nibaki na majonzi yangu.

Sasa kipindi hicho chama chao kilikuwa kwenye kura za maoni za kumpata mgombea urais. Wanaopiga kura hizo ni wajumbe, na wajumbe wetu ni wale wa moto kabisa. Sisi vuguvugu zamu yetu ni baadaye. Kwa hiyo wagombea walikuwa wanasema yale tu yanayowapandisha wajumbe mori.

Mmoja, nitamwita Suti, alitoa video akiapa kwamba hatampa mkono mtu asiye wa chama mpaka aingie Ikulu. Wajumbe wakashangilia. Mwenzake, nitamwita Kofia, akaona kapitwa. Akaapa hivyo hivyo, akaongeza kwamba yeye hata salamu hatoi.

Wote wawili walikuwa Joburg siku ile. Na wajumbe wote walikuwa uani kwangu.

Suti akafika wa kwanza, kichwa kakiinamisha. Akawapa mkono wajumbe mmoja mmoja mpaka akafika kwangu. Mimi wa kwangu nimeshaunyoosha. Akasita, akamtazama Mwenyekiti wa tawi.

Mwenyekiti akaninong'oneza, "Shemeji, kadi unayo?"

"Kadi gani?"

"Ya chama. Ninayo tupu hapa mfukoni. Tukuandikishe fasta, mheshimiwa akupe pole."

"Mwenyekiti, mimi nimefiwa."

"Najua, shemeji. Ndiyo maana nakuharakishia."

Mkono wangu ukabaki hewani. Suti akaweka wake kifuani kwake, akakaa kulia kwangu.

Kofia akaingia, akanipita kama nguzo, akakaa kushoto. Akaanza kulia kwa sauti. Suti kusikia hivyo, naye akapandisha ya kwake. Wakuu, hawa watu Zuhura hawakuwahi hata kumwona! Mimi mfiwa nikajikuta nipo katikati nawabembeleza, "Jikazeni, waheshimiwa. Kazi ya Mungu."

Kofia hakunijibu. Kiapo.

Akaingia jirani yangu Mama Chantal, Mkongo, msusi. Yeye kwenye msiba huwa haruki mtu. Akapita mstari mzima akitoa mkono, na Kofia, machozi machoni, akaupokea.

Mjumbe mmoja akaruka. "Mheshimiwa! Huyo si wetu!"

"Ni Mkongo huyo," mwingine akamtetea. "Hana upande."

"Asiye na upande ndiye hatari kabisa!"

Mama Chantal akawatazama. "Eish! Miye nilikuya ku matanga, kumbe muko mu mkutano?"

Kofia akaufuta mkono kwenye kanzu.

Bahati nzuri sheikh akafika. Hakuuliza kitu, akaanza kusoma. Uwanja mzima ukatulia, na Zuhura akasomewa dua yake mpaka mwisho.

Sasa mnajua desturi yetu. Dua ikiisha unamgeukia aliye kando yako, mnapeana mkono. Hakuna anayefikiri, mkono unakwenda wenyewe.

Ya kwao yote miwili ikaja.

Wa Suti ukafika katikati, ukakumbuka, ukapanda kwenda kukuna sikio.

Wa Kofia ukanishika. Akaongeza na wa pili. "Pole sana, kaka," akasema taratibu, na safari hii hakulia.

Wajumbe wakaona. Nikajua Kofia ameisha.

Kisha ikaletwa pilau. Pilau haikuulizwa kadi.

Wajumbe wakampitisha Suti. Sasa hivi namwona kwenye simu akikumbatia kila mtu, hadi wapinzani. Anasema yeye ni wa wote.

Juzi Mwenyekiti kanipigia. "Shemeji, mheshimiwa anarudi Joburg. Anataka picha akikupa mkono, ionekane nyumbani. Sasa hivi nyie wa katikati ndio mnatafutwa."

Nikamwambia samahani, nina maji jikoni.

Sikumdanganya. Siku hizi nabandika mwenyewe.

Nilichojifunza: ukifiwa, mkumbuke aliyekupa mkono wakati huna cha kumpa. Yule nampa kura yangu hata kama jina lake halipo kwenye karatasi.

Kama kuna mwenzangu amewahi kufiwa msimu wa kura, karibuni tusikilizane. Ushabiki wa vyama uacheni pale mnapoacha viatu.