Dizeli imepanda, shemeji akaleta mnunuzi wa karavani yangu msibani

Wakuu, salamu kwenu mlioko nyumbani na mlioko kwenye baridi kama mimi.

Haya yamenikuta mwenyewe, hapa London. Aliyekuwepo Tottenham siku hiyo akiona nimeongeza neno, anisute hapa hapa.

Shule niliiachia darasa la sita, Tanga. Tangu hapo sijawahi kutulia sehemu moja. Nimefanya kazi za ghala Stratford, nimefagia maduka, nimepaka rangi nyumba za watu. Vyumba vya kupanga vikanichosha, nikanunua karavani: kile kijumba cha magurudumu unachokifunga nyuma ya gari ukaondoka nacho. Kitanda, jiko, sinki, vyote ndani. Napaki kambini, kwenye mashamba yanayokodisha nafasi nje ya jiji. Nikichoka na majirani, nahama.

Maisha matamu, mpaka dizeli ilipoanza kupanda.

Kidogo niwape elimu ya bure. Nilidhani gari linakunywa sana kwa sababu ya uzito. Kumbe adui mkubwa ni upepo. Ukiongeza mwendo, ule uso wa karavani unasukumana na hewa kama mtu anayekimbia amebeba mlango kifuani. Mzee mmoja wa Kiingereza kambini ndiye aliyenieleza, nikaanza kutembea polepole. Malori yananipigia honi. Wapige tu.

Hata hivyo haikutosha. Wenzangu kambini wakaanza kuuza, mmoja baada ya mwingine.

Shemeji Rashidi, mume wa dada yangu anayekaa Thornton Heath, akaona nafasi yake imefika. "Shemeji, mtu mzima haishi kama konokono. Uza, uje uchukue kile chumba cha juu pale kwetu."

Nikamwambia siuzi. Akasema mteja atanitafutia yeye.

Sasa njooni kwenye msiba.

Mama yake rafiki yangu Sefu alifariki. Flat yao Tottenham iko ghorofa ya nne, na lifti mbovu. Kwa watu wetu karavani yangu ina kazi yake: msiba ukitokea naivuta mpaka chini ya jengo, na kina mama watu wazima wasioweza ngazi wanapumzika humo, wanatawadha, wanakunywa chai. Imeshakuwa desturi. Hakuna anayeniomba. Wanapiga simu kuuliza tu, "Umefika wapi?"

Nikatazama mshale wa mafuta. Dizeli ya kwenda ilikuwepo. Ya kurudi hapana, na mfukoni hamna hela.

Lakini nimpigie mtu aliyefiwa na mama yake nimsimulie habari za tanki langu? Sikuweza. Nikaenda.

Tukazika, tukasoma khitma, watu wakaanza kutawanyika. Mimi nipo tu. Sefu akiniuliza mbona siondoki, namwambia nakupa kampani. Mtu wa council, halmashauri ya mtaa, akapita kuuliza gari litatoka lini. Nikamjibu karibuni.

Shemeji, naye alikuja kuhani, si mjinga. Alichungulia dashboard yangu akaelewa kila kitu. Kesho yake akarudi na Mzungu mmoja mwembamba, mpole. Mnunuzi. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: jamaa amekwama, leo atauza.

Nikasimama mlangoni. "Shemeji, humu kuna watu wamelala."

"Dakika mbili tu," akasema, akanipita, akafungua mwenyewe.

Ndani alikuwa Bi Tatu, shangazi yake Sefu, na wenzake wawili, wamejifunika khanga. Bi Tatu akafumbua jicho moja.

"Rashidi. Huyu naye amekuja kuhani?"

"Hapana, shangazi. Amekuja kuangalia karavani. Inauzwa."

"Nani kasema inauzwa?"

"Dizeli imepanda, shangazi. Huyu hana hata ya kumtoa hapa."

Siri yangu ikawa imeanikwa. Bi Tatu akakaa kitako, akanitazama. "Yaani uko hapa huna mafuta, na kila asubuhi unaniuliza kama chai ina sukari ya kutosha?"

Nikamjibu moja tu. "Siuzi, shangazi."

Akamgeukia shemeji. "Umesikia. Goti langu hili halipandi ghorofa nne. Msiba ujao nitalala wapi, mgongoni kwako?" Wenzake wakaangua kicheko, kisha wakakumbuka wako wapi, wakajifunika midomo. "Na mgeni mpeni sahani. Haondoki hapa na njaa."

Yule Mzungu hakuelewa neno, ila sahani aliielewa. Alikaa kwenye kidaraja cha mlangoni, akala wali na maharage, akampa Sefu mkono wa pole, akaenda zake. Bei hakuiuliza.

Bi Tatu hakuwa amemaliza. "Rashidi, wewe una gari lenye mafuta. Nenda kamletee mwenzako dizeli. Na kuanzia leo, kwenye misiba yetu, dizeli ya karavani itajwe pamoja na mchele na sukari."

Shemeji alikwenda. Akarudi na dumu, akamimina mwenyewe kwenye tanki langu, hanitazami usoni.

Nilichojifunza: kumstahi aliyefiwa ni jambo jema, ila usinyamaze mpaka tanki likauke. Wapo wa kuwaambia. Na mtu asikuuzie mali yako kwa kisingizio cha kukuonea huruma.

Safari nimepunguza. Karavani ninayo, na dizeli ipande itakavyo.

Wenye karavani au magari makubwa, ninyi mnafanyaje? Na wanaoona shemeji alikuwa sahihi walete hoja zao, nipo nawasubiri.