Ufa wa Koridoni

Mtaani walimwita Mama Picha, kwa sababu ya studio yake ndogo ya picha za vitambulisho. Hakuolewa. Mama yake alipofariki, alibaki na baba, karani mstaafu wa posta ambaye alikuwa katika mwaka wake wa kumi na moja bila kuona.

Nyumba yao ilikuwa imechoka. Bati lilivuja, na koridoni maji yalichirizika ukutani hadi chini. Kaka zake walishauri ivunjwe, ijengwe ya kisasa. Alikataa katakata. Alimpeleka baba kwa shangazi kwa miezi mitatu, akapiga picha kila pembe ili kila kitu kirudi kilivyokuwa. Fundi alipotaja vigae, alimwonyesha picha ya sakafu nyekundu ya saruji, akamwambia ang'arishe hiyo hiyo. Milango ya mbao ikakwanguliwa na kupakwa vanishi. Madirisha yakarudishiwa bawaba zake za shaba. Jirani mmoja akatania kwamba nyumba imerudi usichana.

Siku baba aliporudi, watu walianza kumsifia nyumba tangu getini. Akaomba aachwe aingie mwenyewe. Kwake hapo, nani wa kumshika mkono? Sebule aliivuka vizuri. Koridoni alinyoosha mkono, akapapasa ukuta, akarudi nyuma hatua mbili, akapapasa tena.

"Unatafuta nini, baba?"

"Kulikuwa na ufa hapa."

"Tuliuziba. Ukuta wote umepigwa lipu upya."

"Sasa nitafikaje chooni, mwanangu?"

Ule ufa ulianzia mlango wa chumba cha baba ukaishia mlango wa choo, na miaka yote hiyo mzee alikuwa akiufuata kwa kidole. Hakuwahi kusema, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Na katika picha zile zote, ufa ndio kitu cha kwanza Mama Picha alichokiwekea alama nyekundu: uondolewe.

Fundi aliitwa, akapigilia ubao wa kushikia. Baba alishukuru, lakini mkono wake ulikuwa umezeeka na njia yake. Alijigonga, kisha siku moja akaanguka. Tangu hapo yeye aliyekuwa akijifulia hata soksi alikaa kitandani akisubiri mtu aje amchukue. Hakulalamika. Wageni walipomuuliza, alijibu kwamba nyumba imependeza sana, kila mtu anamwambia hivyo.

Hakumaliza mwaka.

Siku hizi maharusi huja kupigwa picha mbele ya mlango ule wa zamani wa nyumba, na Mama Picha huwapanga, huwaambia wasikunje nyuso. Yeye mwenyewe hapiti koridoni, huzungukia uani. Wakiomba waone na ndani, huwaambia bado kuna kazi haijaisha.