Subi na zile siku tisa za kumsubiri baba Joni

Akili yangu inakataa. Jamani, inakataa kabisa.

Ijumaa tumefungasha chai pamoja mpaka saa kumi jioni. Jumapili asubuhi napigiwa simu, Subilaga hatunaye. Nimekaa siku tano bila kuandika chochote kwa sababu nilijua nikiandika itakuwa kweli.

Kwa ambao hamkumjua: Subi alikuwa mwenzangu wa packing kiwandani, hapa Tukuyu. Meza moja, miaka sita. Binti wa Ikuti, mrefu, sauti nzito, mtu wa kuanza kucheka kabla hajamaliza kusimulia.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifunga katoni kumi na mbili zote kichwa chini. Nilijua ananiripoti. Akazigeuza mwenyewe moja moja, akasema, "Ndaga fijo, dada. Asante sana, leo umetupa kazi mara mbili."

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa hofu. Nikiamka kitu cha kwanza ni simu. Vita huku, mafuriko kule, mbolea imepanda, soko la chai limeshuka. Nafika kazini simu bado iko mkononi.

Subi ananiangalia tu. "Mage, asubuhi hii umekula chakula au umekula habari?"

Kipindi cha mvua kubwa mwaka huu mume wangu, baba Joni, alikuwa njiani Kongo na lori. Mapigano yakaanza, simu yake ikazima. Siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Niseme ukweli leo: sikuweza kusali. Nikifumba macho naona lori linaungua.

Siku ya nne Subi akaja nyumbani, siku yake ya off, amelowa chapachapa, mkungu wa ndizi kichwani. Akapika, akawalisha watoto, akawatoa nje. Ndipo akakaa na mimi jikoni.

Nikamwambia, "Wewe una imani, Subi. Mimi sina. Mungu atanisikilizaje mtu ninayetetemeka hivi?"

Hakunihubiria.

"Nani kakwambia mimi siogopi? Naogopa kila siku. Namwambia hivyohivyo, Baba naogopa. Simpambii maneno. Nikishamwambia naondoka, naenda kazini, maana ameshasikia."

"Na kama baba Joni asiporudi?"

"Sijui." Akanishika mkono. "Kweli sijui, mdogo wangu. Ila na hilo mwambie."

Nikamwambia Mungu, pale pale jikoni, kwa sauti mbaya ya kilio. Halafu mchana ule nikapata usingizi, kichwa mapajani kwa Subi. Nilikuwa sijalala siku nne.

Siku ya tisa simu ikaita, namba nisiyoijua. Ni yeye! Lori limebaki huko, lakini yeye mzima. Nilipiga kelele packing yote ikasimama, hata supervisor akasahau kutugombeza. Subi alikaa chini juu ya katoni akalia kunizidi.

Nilifikiri analia kwa ajili yangu tu.

Jumanne msibani, Ikuti, dada yake alinivuta pembeni. "Mage, wewe ulikuwa unajua?"

Nijue nini?

Wiki ileile aliyokuja kwangu, Subi alikuwa ametoka hospitali. Walimwambia moyo umetanuka. Apumzike, asibebe vitu vizito. "Alisema atakwambia baba Joni akishapatikana," dada yake akasema.

Baba Joni akapatikana. Subi hakuniambia.

Subi, kwa nini? Nimekukasirikia, acha niseme. Ulipanda kile kilima cha kwangu na mkungu kichwani. Na mimi miezi yote hii nakuachia katoni za rafu ya juu, eti kwa sababu wewe ni mrefu. Mungu wangu.

Jumamosi alikuwa shambani anachimba viazi, akasema kifua kinambana. Wakamkimbiza hospitali. Alfajiri ya Jumapili akaondoka.

Naomba msiniandikie hapa chini kwamba yote ni mipango ya Mungu. Najua mnanipenda. Bado sijafika huko.

Jana asubuhi kwenye briefing supervisor akauliza nani atatuombea. Miaka yote aliyekuwa anaomba ni Subi. Watu wote macho chini. Kuna maneno kwamba wafanyakazi watapunguzwa, kwa hiyo hata bila msiba tulikuwa tumenyong'onyea.

Mimi sijawahi kuomba mbele za watu. Nikasikia sauti, kumbe ni yangu.

"Baba, mwenzetu ameondoka hata kutuaga hakutuaga. Kazi hatujui kama itakuwepo. Baba Joni amesafiri tena juzi. Huko duniani watu wanauana. Haya yametuzidi. Tushike."

Nikakwama hapo. Hata kufunga sala sikuweza. Mzee Hamisi wa boiler, Mwislamu, ndiye aliyeitikia kwa sauti kwa niaba ya wote: "Amin." Wengine wakafuata. Mashine zikawashwa.

Hofu haijaisha, nisiwadanganye. Simu ya baba Joni leo inapatikana, kesho sijui. Mezani kwetu wameniletea binti mpya. Jina lake sijalishika bado, kila nikitaka kumwita linatoka jina la Subi.

Subi, dada yangu. Ulibeba ya kwako ukabeba na ya kwangu, na mimi sikuona. Nisamehe.

Tua sasa. Upumzike kwa Yule uliyekuwa unamwambia kila kitu, na kwangu huku usijali, nitajitahidi.

Usingizi mwema, Subi wangu. Lala.