Mwalimu Aliyempa Alama Zote Mwanafunzi Aliyekuwa Akiaga

Saa nane mchana kengele ya kutoka imeshalia, lakini Madamu Kalamu bado yuko mezani pake kwenye ofisi ya walimu. Mbele yake pana madaftari sabini na manne. Anafungua moja, anasoma sentensi, anairudia, ndipo aiendee ya pili. Wenzake wanamtania kwamba siku hizi anasahihisha kama mtu aliyeletewa barua ya posa.

“Waache wacheke,” anasema. “Mimi nilikuwa na mbio kuliko wao wote.”

Amefundisha Kiingereza darasa la saba kwa miaka kumi na tisa. Kila mwaka hufika kwenye somo la wakati ujao: jinsi ya kusema jambo uliloamua papo hapo, ulilokwisha kulipanga, au lililo kwenye ratiba kama gari la saa mbili. Zoezi lake ni lile lile. Andika sentensi kumi kuhusu siku zako zijazo.

Usahihishaji nao ulikuwa ule ule. Jicho kwenye kitenzi, kalamu nyekundu inatia vema, basi. Daftari halikumaliza dakika.

Muhula uliopita, binti mpole wa dawati la nyuma aliandika kwamba Ijumaa anaacha shule. Kwamba mama yake mdogo ameshamtafutia kazi za ndani. Kwamba hatafanya mtihani wa mwisho, na kwamba atamkumbuka madamu. Vitenzi kumi, vyote sahihi.

“Nikampa kumi kwa kumi,” anasema mwalimu huyo, macho yakiwa chini. “Nikaandika: kazi nzuri, endelea hivyo hivyo.”

Wiki mbili baadaye, akipanga kabati, alilikuta daftari lile, ambalo binti aliliacha shuleni, na kulisoma. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakumwambia mtu, hata mumewe. Miezi miwili aibu ilimfunga mdomo.

Mwezi huu alijikaza, akaulizia nyumba anakofanya kazi binti, akaenda. Akamkuta binti uani anafua mashuka.

“Shikamoo, madamu,” binti alimwambia kwa furaha. “Mimi nilikuwa naogopa kuondoka. Nilipoona umeandika endelea, nikasema kumbe madamu mwenyewe kakubali.”

Madamu Kalamu aliitikia marahaba. Akaulizia afya, akaaga, akaondoka.

“Nilishindwa kumwambia,” anasema, akivua miwani. “Mtu mzima mimi, nikamuogopa mtoto.”

Mwalimu mkuu, baada ya kuombwa na Madamu Kalamu, amekubali kumrudisha binti huyo, na jina lake bado limo kwenye orodha ya mtihani hadi mwisho wa mwezi. Mama mdogo anasema uamuzi ni wa mtoto. Mtoto anasema ameshaagana na mwalimu wake vizuri, arudi kufanya nini?

“Jumamosi naenda tena,” anasema Madamu Kalamu. “Nitamwambia sikusoma. Afadhali anidharau, kuliko aamini kwamba nilimruhusu aende.”